Sufuria ya Mama na Kura Yangu ya Juge

Katika shirika letu la Shituru, yaani familia za Kikatoliki za avenyu mbili, hatupeleki ugomvi wa majirani mahakamani. Tunachagua mtu mmoja wa kuuamua, na tunamwita juge. Miaka yote nilikuwa nampigia kura yeyote aliyevaa suti iliyopigwa pasi vizuri. Safari hii nilikuwa na kesi, nikapata akili ghafla.

Kesi ilikuwa ya sufuria kubwa ya marehemu mama yangu, ile ya kusongea bukari, yaani ugali, kwenye vilio vya misiba. Huku kwetu kila familia inapaka rangi chini ya sufuria zake, maana kilioni zinachanganyikana zote. Yetu ilipakwa nyekundu. Ilikwenda kwenye kilio kimoja, haikurudi, kisha nikaiona kwa jirani, imebonyea karibu na mkono, palepale ilipobonyea ya mama. Jirani akaapa kwamba ni yake. Masizi yalikuwa yamefunika rangi, naye hakutaka mtu aiguse. Sikuwa na kitu kingine cha mama. Nililia kwa hasira.

Wagombea walikuwa watatu. Nikamshawishi mume wangu tuwapime: twende kwa kila mmoja na ugomvi wa kutunga, nimshtaki yeye kwamba amemaliza mboga yote ya nyumbani, sombe ya majani ya muhogo. Mume wangu ni mtu wa kiwandani, hajui kuigiza hata kidogo. Alikubali kwa sharti kwamba nipike sombe kwelikweli.

Wa kwanza, mstaafu wa reli, hakunisikiliza hata dakika moja. Alimuuliza mume wangu kama sombe ilikuwa na karanga. Wa pili, mwenye suti, alitoa hukumu kabla hatujakaa, kisha akatuomba kura.

Wa tatu alikuwa mama muuza makala, yaani mkaa. Viti havikutosha, akapindua chombo kimoja pale uani, akatandika kitenge juu yake, akanikaribisha nikae. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akamkazia macho mume wangu, ambaye tayari alikuwa anabana kicheko.

"Munasema bongo bote mubili," akasema. "Muende kwenu."

Nilitoka pale karibu nicheze. Huyu uongo haumpiti! Nikamfanyia kampeni mpaka kwenye foleni ya maji, na akashinda.

Jumapili iliyofuata kesi yetu ikawa ya kwanza. Juge akaagiza sufuria isuguliwe kwa mchanga mbele ya wote. Jirani akasugua, midomo ameibana. Masizi yakatoka, ikaonekana rangi ya kijani, na kijani ni rangi ya jirani tangu zamani, hata mimi nilijua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Ya mama yako ilikuwa na rangi gani?" juge akaniuliza.

"Nyekundu, mama."

Akasimama, akatoka bila kuaga. Tukabaki tunaangaliana. Mume wangu akaninong'oneza kwamba labda amekwenda kula sombe.

Alirudi na sufuria kichwani. Akaigeuza mbele yetu: chini ilikuwa imesuguliwa harakaharaka, na katikati ya masizi palikuwa na wekundu wa mama yangu.

"Ilikuya na byombo byangu bya kilio, minye sikujua," akasema mbele ya watu wote. "Njo hii. Ile siku mulikuya kunipima, weye ulikaa yulu yake."