Zimwi Lenye Mgolole

Juzi nilipanda Kilolo kwenye matanga ya mpishi wa zamani wa misheni. Walipofungua masanduku yake wagawe nguo, likatoka lile boksi. Nikasahau kulia, ndugu yangu. Mate yakanijaa mdomoni kama mtoto.

Boksi hilo, miaka ile ya sabini, binti wa mpishi alipewa na Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ndani mlikuwa na ubao wa rangi, kete na dadu. Juu ya mfuniko kulichorwa shujaa mweupe kachomoa upanga, na mbele yake zimwi jeusi, meno nje, mkuki mkononi. Sisi tulizoea kuchimba vishimo chini tukacheza kwa kokoto. Basi tulikuwa tunamenya njegere za mama zetu mbiombio, vidole vya kijani, kisha tunakimbia na mafyulisi kwenye upindo wa gauni kumhonga binti huyo. Anakula taratibu, maji yanamtiririka kidevuni, huku anachagua nani acheze. Nilimwonea wivu. Sidanganyi, mpaka leo ninao.

"Wewe ndiye mweusi kutushinda," akaniambia, "utakuwa zimwi. Hutaki, rudi kwenu kwenye njegere zako."

Nikakubali. Mwenyewe nilikubali, ili nishike kete.

Siku moja bibi yangu akauona ule mfuniko. "Hilo zimwi limevaa mgolole," akasema. "Fundo begani, kama marehemu babu yako." Kweli, ilikuwa ile shuka nyeusi ya wazee wetu wa Kihehe, na fundo lile lile. Kesho yake nikarudi kucheza.

Jina likanifuata shuleni. Mwalimu wetu, badala ya kulizima, akalidaka: "Zimwi, simama usome!" Darasa zima kicheko. Darasa la nne sikulimaliza. Walioniharibia nawataja: binti wa mpishi na mwalimu yule. Mwalimu alishakufa. Yule binti kanenepa, ana duka Iringa mjini.

Pale matangani mwanawe, msomi wa chuo, akaushika mfuniko. "Mama, hili ni tusi. Lichomwe."

"Tusi wapi? Mchoro wa zamani tu, zimwi ni zimwi. Tulicheza wote tukafurahi. Muulize mama yako mdogo huyu."

Wote wakanigeukia. Nikamwonyesha kijana fundo la begani. "Huyu ni babu yangu," nikasema. "Ni tusi. Nipeni mimi nikalichome."

Binti wa mpishi akaniangalia usoni, akacheka puani. "Wewe? Ulichome wewe?" Akalikwapua, akalibana kwapani kama siku zile.

Bibi hayupo. Mifyulisi ile ilikatwa, wakapanda mipaini. Wazee wa mgolole siku hizi unawatafuta. Tuliocheza tulikuwa sita, tumebaki mimi na yeye, naye ananijua vizuri mno. Angenipa lile boksi, ningefika nalo nyumbani, ningefunga mlango, ningerusha dadu, na safari hii ningeshika kete ya shujaa.