Matofali Kumi ya Kwanza ya Mama Étage

Jua halijapanda juu ya kichuguu, na Adolphine Mumba tayari amekasirika.

Anazunguka tanuri lake la matofali kando ya barabara ya Kipushi, nje kidogo ya Lubumbashi, ndoo ya tope mkononi. Anaweka kiganja ukutani, anasikiliza joto, anasogea hatua mbili, anaweka tena. Akikuta ufa, hata mwembamba kama unywele, anauziba kwa tope na kuupiga kofi. Ndani mna matofali elfu kumi na moja. Moto ulikwisha Jumamosi, midomo ya tanuri ikafungwa. Leo ni Jumanne. Kanuni yake ni siku tano kamili za kupoa. Hakuna wa kufungua kabla ya Ijumaa.

Nyuma yake lori tupu linanguruma. Stéphane, msimamizi wa jengo moja la mjini, ameshuka na viatu vyake vyeupe na anaogopa kukanyaga tope. Aliagiza matofali elfu nane. Anayataka leo.

"Mama Adolphine, fungua tu upande mumoja," anasema. "Camion iko hapa, bantu ya kupakia beko hapa. Patron anafika kesho."

"Patron wako anafika kesho, moto wangu unatoka Ijumaa. Habajuane."

"Ni matofali, mama, haiko mukate!"

"Mukate ingekuwa afazali. Mukate ikipasuka, unakula."

Wapakiaji wanacheka. Stéphane hacheki. Anatazama saa, kisha anatafuta neno la kuumiza, na analipata. "Njo maana banakuitaka Mama Étage. Kichwa iko juu, mifuko iko chini. Iko wengine benye kuwa na matofali kule mbele. Nitaenda kwabo."

"Enda. Barabara haina mulango."

Lori linageuka. Vumbi jekundu linafunika kila kitu. Adolphine anatema mate kando, anachota tope, na kurudi kwenye ukuta wa tanuri. Anatafuta ufa mwingine.

Ana haki ya kukasirika. Ana umri wa miaka arobaini na saba, na lori hilo limeondoka na simenti yake. Fedha ya Stéphane ndiyo ingemwaga zege la étage hiyo, ghorofa ya nyumba yake, kabla mvua za kwanza hazijafika. Na mawingu yameanza kukusanyika kila alasiri upande wa Zambia.

Ili kuelewa kwa nini hakufungua, ni lazima kutazama tofali moja lililopasuka, ambalo amelisimamisha juu ya jiwe mbele ya tanuri, mahali ambapo haiwezekani kupita bila kuliona. Ni la mwaka 2020. Mwaka huo mteja mwingine alikuja na lori siku ya tatu ya kupoa, na Adolphine akakubali kufungua upande mmoja. Upepo wa baridi uliingia katikati ya joto. Matofali yalianza kulia ndani kama mahindi kwenye sufuria. Elfu tisa yalipasuka. Mteja aliyeomba haraka aliyatazama, akawasha gari, akaondoka.

"Usiandike ni yeye," ananiambia Adolphine kwa ukali, akinyooshea daftari langu kidole. "Andika ni mimi. Yeye aliomba. Mikono yenye ilifungua ni hii."

Kati ya hayo elfu tisa, elfu moja na mia nne yalikuwa na alama ya kidole gumba. Hayo ndiyo yaliyomliza.

Kila siku ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, Adolphine anachimba udongo wa kichuguu, kile kilima cha mchwa kirefu kuliko nyumba, anauloweka, anaukanyaga na kuufyatua. Matofali kumi ya kwanza ya siku anayagandamiza kwa kidole gumba yakiwa bado mabichi. Hayo hayauzwi. Ni ya nyumba yake. Kuanzia la kumi na moja ndipo soko linapoanza, na chakula, na karo ya watoto watatu. Hakuna siku ya kazi aliyoruka, hata ile aliyofyatua akiwa na homa. Siku hiyo alifyatua kumi tu, akaenda kulala, na watu wa nyumbani wakalala bila mboga.

Shemeji yake alimwuliza kwa nini kumi hayo ya kwanza asiyapeleke kanisani.

"Mungu iko na nyumba tayari," alimjibu.

Kwa nini ya kwanza, na siyo yanayobaki jioni? Hapo hasira yake inashuka chini kabisa, mahali ilipozaliwa.

Baba yake alitoka upande wa Pweto akiwa kijana na kufanya kazi ya reli kwa miaka thelathini na moja. Hakuchelewa hata siku moja. Kulipokuwa na miezi bila mshahara, aliamka vilevile, akanyoa ndevu, akaenda. Majirani walimsifu. Alifia kwenye chumba cha kupanga, na mwenye nyumba alisubiri mazishi yaishe ndipo akaja kuuliza ufunguo.

"Papa alikuwa anapeleka nguvu ya asubuhi kwa reli," anasema. "Ile ya mangaribi, yenye inabakia, njo alituletea. Kila siku alisema: nikibakisha kidogo, nitajenga. Haikubakia. Haibakiake! Iko bantu banakuja hapa na maneno yabo ya kuimba: fanya kazi sana, utafika. Uongo!"

Ananyoosha kidole barabarani. Mwanamume anasukuma kinga, yaani baiskeli, iliyobebeshwa magunia manne ya makaa, mgongo wake umepinda.

"Ile kinga inafanya kazi kupita sisi wote. Imefika wapi?"

Mjini hawakosekani walimu wa mafanikio. Wana vipaza sauti, wana suti, wanajaza kumbi. Wanawaambia vijana waote ndoto kubwa, na vijana wanarudi nyumbani na ndoto, wala hakuna aliyewaonyesha saa ngapi ya asubuhi ndoto inaanza kufyatuliwa. Adolphine hakuwahi kuingia katika kumbi hizo. Kujituma kwake si wimbo. Ni mpangilio wa siku. Cha kwako kwanza, kikiwa kidogo hata cha aibu, kisha cha wengine mpaka giza.

Ni kidogo kweli. Tofali moja halifiki faranga mia mbili, na mfuko mmoja wa simenti unameza bei ya matofali zaidi ya mia mbili. Kumi kwa siku ni kama elfu moja na mia nne kwa msimu. Alianza 2015. Bila pigo la 2020, kuta za chini zingeisha mapema zaidi. Ziliisha mwaka jana: vyumba vinne ng'ambo ya uwanja wa tanuri, vya matofali mazuri yenye alama ya kidole, vikisubiri zege juu yake.

Na ngazi. Fundi mwashi Guelor, anayemjengea na kulipwa sehemu kwa matofali, alimshauri aache ngazi mpaka mwisho. Alikataa. Akaijenga kabla ya ghorofa kuwepo, vidato kumi na sita vinavyopanda mpaka juu na kuishia hewani. Mtaa mzima ulikuja kucheka. Jirani yake Constance ndiye aliyeanzisha jina la Mama Étage, na tangu hapo anaanika mihogo yake juu ya ngazi hiyo.

"Ngazi ya mbinguni!" anasema Constance, akipindua mihogo bila haya. "Lakini kwa mihogo, iko muzuri sana. Jua inafika yote."

"Cheka," anasema Adolphine. "Anika. Meno yako nayo uanike."

Anajua ngazi ile inamtukana kila asubuhi akitoka kwenda kazini. Ndiyo maana aliijenga.

Jumatano Stéphane anapita tena, lori lake limejaa matofali ya mtu mwingine. Anapiga honi mara mbili. Adolphine hainui kichwa. Usiku huo, anasema baadaye, alilala akiwa amemkasirikia Stéphane, mvua, baba yake na yeye mwenyewe, kwa zamu.

Ijumaa asubuhi anafungua tanuri.

Haruhusu mwingine kutoa tofali la kwanza. Anabomoa tope la nje kwa jembe, anaingiza mkono, anatoa moja, anatoa la pili, anayagonganisha. Yanalia kama kengele: yameiva, hayana ufa. Anagonga tena, ya safu nyingine. Yanalia. Anachukua la chini kabisa, karibu na mdomo wa moto, ambapo mabaya hujificha. Linalia nalo. Anageuza upande na kuona alama ya kidole chake, imekuwa ngumu na nyekundu.

Hapigi vigelegele. "Bon," anasema tu, na kuanza kupanga.

Stéphane harudi. Asubuhi hiyo Guelor ndiye anayefika, amemleta mteja wake anayejenga kisima na ukuta. Mteja huyo anachukua elfu tatu na analipa papo hapo. Si elfu nane. Guelor anakaa juu ya matofali yenye joto, anakuna kichwa.

"Simenti ya dalle yote, ile zege ya juu, haitatosha, mama. Itatosha vyumba viwili, vile vya upande wa ngazi. Dalle itaishia juu ya ukuta wa katikati, itakuwa na nguvu. Nyingine, mwaka kesho."

"Nusu?"

"Nusu."

Adolphine anageuza kichwa kutazama ngazi. Mpango wake ulikuwa kupangisha vyumba vyote vinne vya chini na kulala juu, yeye binti wa mpangaji, ili akifika miaka sitini asiwe tena na miguu ndani ya tope. Nusu inamwongezea msimu mzima, pengine miwili: matofali mengine elfu moja na mia nne kila msimu, kumi kwa kumi.

"Nusu ya étage iko étage," anasema hatimaye. "Juma Tatu tunaanza kupanga mbao."

Kisha anaosha mikono, anavuka uwanja mpaka kwenye nyumba isiyo na paa, na anapiga kelele mpaka mtaa wa pili unasikia.

"Constance! Toa mihogo yako kwa ngazi. Bantu banataka kupanda."