Dirisha la wanga lililomgeuza binti yetu manjano

Wakuu, salamu huko mliko. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na chumvi sitaongeza.

Ilikuwa miaka ya vita, kwetu Kivu, Kongo, karibu na Musienene. Bomu lilianguka jirani, vioo vyote vya nyumba vikaisha. Wiki hiyo hiyo mke wangu Kahindo akajifungua kabla ya siku zake, binti mdogo mno.

Mkunga akatuonya: mtoto asipigwe na baridi, na tumwangalie macho kila siku. Yakiwa manjano, tumkimbize hospitali Butembo.

Barabara yenyewe sasa, ilikuwa ya kuomba Mungu: wenye bunduki walikuwa wakivizia wasafiri.

Tukifunga mbao za dirisha, giza. Tukifungua, upepo wa mlimani. Plastiki sokoni hakuna.

Jirani yetu alikuwa prof wa kemia, mtu wa Kasai aliyekimbia kutoka Beni. Akapika uji wa wanga wa muhogo na asali kidogo, akaumwaga juu ya bati lililopakwa mafuta. Ulipokauka ukabanduka, karatasi inayopitisha mwanga! Lakini upepo wa kwanza tu ukaichana.

"Tia udongo," prof akaniambia. "Kidogo tu, lakini koroga muzuri."

Mimi ni fundi matofali, wakuu. Udongo mwingine siujui. Nikachota ule mwekundu wa matofali, nikajaza mkono, nikaukorogea kwenye uji mpya.

Karatasi ikatoka imara. Nikaipigilia dirishani, na saa sita mchana chumba kikawa kama kimo ndani ya chai. Nilitamani tusitoke humo, vita viishe vyenyewe huko nje.

Mama mkwe akamfunua mtoto, akapiga kelele.

"Mutoto iko manjano! Twende Butembo!"

Akaanza kumfunga mgongoni. Mimi nimeshavaa viatu.

Kahindo akasema polepole kutoka kitandani, "Mama, angalia kiganja yako. Nayo iko manjano."

Nikaivamia karatasi. Ikagoma kuchanika mpaka nikashika kisu! Mwanga ukaingia na baridi yake.

Macho ya binti yangu yalikuwa meupe kabisa. Nililia mbele ya mama mkwe, aibu sikuiona.

Kesho yake prof akatengeneza nyingine, kwa udongo mweupe ambao Kahindo aliutafuna akiwa na mimba. Akaulowesha, akauchuja, akatia kijiko kimoja. Ilidumu, na chumba kikawa na mwanga wa kweli.

Jioni hiyo tukapata habari za waliopita barabarani jana yake mchana, saa ile ile tulipotaka kuondoka. Hakuna aliyefika Butembo.

Nilichojifunza: kuimarisha kitu si kukijaza. Na kabla hujakimbia, hakikisha unaona vizuri.

Mliokuwa Kivu miaka ile, madirisha yenu mliyaziba na nini? Nawasoma.