Mwanamke wa Jiwe Ghalani

Nilipomaliza chuo cha ualimu Korogwe nilikuwa na miaka ishirini na miwili, jozi moja ya viatu vya visigino, na kitabu kikubwa cha picha kilichoniumiza bega tangu stendi mpaka kijijini. Aliniachia mwalimu wetu wa sanaa, Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, kwa sababu sanduku lake lilikataa kufungika. Wenzangu niliwaambia amenipa kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi bora. Kitabu kilianza na watu wa mapangoni kikaishia kwenye makanisa marefu ya Ulaya ya zamani, nami niliapa kwamba popote nitakapopangiwa, watu wataijua historia ya sanaa, watake wasitake.

Nikapangiwa kijiji cha ujamaa huko Handeni, mbele ya Kwedizinga, ambako kuta za nyumba zilikuwa bado hazijakauka. Asubuhi nilifundisha watoto. Saa tisa alasiri nilikuwa na darasa la kisomo cha watu wazima ndani ya ghala la mahindi: wanawake kumi na tisa, wanaume watatu, na panya. Wanawake walihudhuria kwa bidii iliyokaribia kunitoa machozi, mpaka nilipogundua kwamba aliyekuwa darasani alisamehewa palizi ya jioni kwenye shamba la kijiji. Pasipokuwa na darasa, walipinda mgongo kwenye pamba mpaka jua lizame. Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi, ningehudhuria hata na homa.

Tatizo lilikuwa kitabu cha kisomo. Ukurasa wa kwanza pamba, wa pili mdudu wa pamba, wa tatu dawa ya mdudu wa pamba. Mtu ametoka kulima pamba, anakaa kusoma pamba. Nilivumilia kwa muda, halafu uvumilivu ukanishinda. Nikachukua wembe, nikakata picha kwenye kitabu changu, nikazitundika ghalani kwa miiba ya mgunga, na chini ya kila moja nikaandika kwa chaki sentensi ya kusoma.

Siku ya kwanza ilikuwa zamu ya fahali wa pangoni. Mmoja wa wale wanaume watatu alikuwa mzee mfugaji kutoka kwenye maboma ya uwandani, aliyekuja darasani, kwa maneno yake, kuangalia tu. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi. "Aliyechora huyu," akasema, "alishawahi kufukuzwa naye."

Miaka miwili chuoni hakuna aliyeniambia jambo la maana kama hilo. Tangu hapo mzee akawa hakimu wetu. Tulipofika Misri, akamwangalia ng'ombe wa kaburini, akatikisa kichwa: "Kiwele hiki? Ndama anakunywa nini?" Wayunani wakashughulikiwa na jirani yake, mzee mkulima, aliyekodolea macho sanamu la kijana wa marumaru asiye na nguo. "Misuli yote hii, na kiganjani hana hata sugu moja," alisema. "Huyu ni mnyonyaji." Darasa zima likapiga makofi. Vichwa vya Warumi visivyo na viwiliwili vilituletea ubishi wa siku mbili. Watakatifu wa dhahabu wenye macho makubwa walionekana kama watu wanaosubiri ujibu swali. Tulipofika kwenye msikiti wa kale wenye matao ya milia, mzee mkulima alisema msikiti hauhitaji maelezo ya mwalimu, kisha akaueleza yeye kwa nusu saa.

Kwa wiki mbili hivi tulitoka pangoni tukafika kwenye makanisa marefu. Nilivimba kichwa, sifichi. Ndipo nikamkumbuka mwanamke mmoja niliyekuwa nimemruka kwa aibu.

Alikuwa kinyago cha jiwe cha kale sana, cha kutosha kiganjani: maziwa, tumbo, mapaja, uso hakuna. Nikajiambia kwamba kama kijana wa Kiyunani alipita na yote aliyokuwa nayo, huyu bibi wa watu atashindwaje? Jumatatu nikamtundika katikati ya ukuta. Chini yake nikaandika maneno ya kitabu, nikayasoma kwa sauti ya redio: "Hakuna anayejua alitengenezwa kwa kazi gani."

Wanawake kumi na tisa wakasimama, wakakaza kanga zao, wakatoka mmoja mmoja bila kuniaga. Walikuwa wanakwenda kupalilia pamba kwa hiari yao, jambo ambalo halikuwahi kutokea kijijini pale. Wanaume watatu walikuwa wanachunguza sakafu. Mzee mfugaji akaokota fimbo yake. "Mwalimu," akasema, "mimi si wa kabila hili. Lakini hapo umekosea."

Jioni ile mwenyekiti wa kijiji akaja kunikumbusha kwamba Alhamisi anakuja afisa wa elimu ya watu wazima kutoka Handeni mjini. Akilikuta ghala tupu, darasa linafungwa, kina mama wanarudi kwenye palizi moja kwa moja, na maelezo nitatoa mimi. Kwanza nilikasirika. Mimi, na cheti changu! Halafu nikaenda nyuma ya ghala nikalia kidogo. Halafu nikafuta kamasi nikaenda kwa bibi mmoja, mwanafunzi wangu mwenye umri mkubwa kuliko wote, ambaye ndiye aliyekuwa kungwi wa kijiji, yaani mfundaji wa wasichana waliovunja ungo. Nilimkuta anapepeta mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na miiba yako?"

"Bibi, nimekosa nini?"

"Umesema hakuna anayejua kazi yake."

"Kitabu ndicho kinachosema."

"Aliyeandika kitabu ni mwanamume?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi angejuaje?"

Akaweka ungo chini, akanieleza polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Msichana akiwekwa ndani, hufundwa kwa vinyago vidogo vya udongo. Kila kinyago kina wimbo wake na maana yake. Mwanamume havioni, wala msichana ambaye hajachezwa unyago. Na mimi nimechukua kimoja, nimekipigilia mwiba mbele ya wanaume watatu, nikatangaza kwamba hakina kazi inayojulikana.

"Wewe mwenyewe umechezwa?" akauliza.

"Hapana, bibi. Nilikuwa bwenini."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Anafundisha wakubwa, naye bado mtoto!"

Faini yangu ikawa kuku mmoja mweupe, na Jumanne na Jumatano kukaa mkekani, miguu imenyooshwa, mbele ya wanawake wote kumi na tisa wa darasa langu. Nilichofundwa sisemi, hata ukinifinya. Nitasema tu kwamba vinyago vilikuwa kumi na mimi, mwenye cheti, vinne vya kwanza nilikosa vyote. Jibu langu la kinyago cha tatu lilimfanya mama mmoja apaliwe kwa kicheko, ikabidi apigwe mgongoni.

Alhamisi Land Rover ya afisa ikafika na vumbi lake. Ghala lilikuwa limejaa. Katikati ya ukuta, mwanamke wa jiwe alikuwa amefunikwa kwa kanga, na sentensi ya chini yake ilikuwa imefutwa. Afisa akatusalimia, akaangalia fahali, akaangalia mnyonyaji, akaandika kidogo. Kisha akanyoosha mkono kwenye kanga. "Na hapa pana nini?"

Mguno uliotoka kwa wanawake wale ulimfanya arudishe mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Bibi akasimama.

"Mwanangu, toka nje."

"Mama, mimi ni afisa."

"Ndiyo, afisa. Toka nje."

Akatoka. Wanaume wetu watatu walikuwa wameshatoka zamani, wamekaa kwenye gogo, na mzee mfugaji akampisha nafasi akaanza kumweleza habari za ng'ombe wa Misri. Sisi ndani tukasoma kwa sauti ya juu ili asikie: Wamisri, Wayunani, Warumi, watakatifu, msikiti, makanisa. Mwishoni bibi akafunua kanga. Chini ya mwanamke wa jiwe palikuwa na sentensi mpya waliyoniamuru niandike, naye bibi, ambaye mwanzoni alishika chaki kama mchi, akaisoma peke yake bila kukwama: "Wenyewe wanajua."

Nililia tena, safari hii mbele ya watu.

Afisa akaandika kwenye daftari la wageni: "Wanasoma. Darasa liendelee." Mstari wa chini yake akaongeza: "Mkaguzi hakuruhusiwa kukagua." Wanawake wakapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka kwenye pamba.

Wanaume walipokwenda zao, bibi alinizuia mlangoni. Alikuwa na donge la udongo kwenye pindo la kanga. Akalifinyanga palepale, vidole vikienda haraka kuliko macho yangu, akanipa: mwanamke mwembamba, chaki mkononi, mdomo mkubwa wazi kabisa. Nikamgeuza huku na huku. Hakuwa na masikio.

Wenzake wakaanza kuimba. Wimbo huo nao sisemi. Uso uliniwaka, kisha nikacheka, kisha nikaomba nikiweke kile kinyago kwenye sanduku langu. Nilikitaka kuliko kitabu kizima.

"Umeelewa?" bibi akauliza.

"Nimeelewa."

Akakichukua, akakiminya mara moja, kikarudi kuwa donge. Kisha akanyanyua uso akamtazama mwanamke wa jiwe pale ukutani.

"Na huyu," akasema, "miaka yote hiyo wamemweka tu? Basi hawajaelewa bado."