Migomba Niliyoihesabu Kuwa Ardhi

Mwanangu, iko siku moja ambayo hadi leo siisahau. Nilikuwa kijana, nimetoka masomoni ng'ambo, ambako nilitumia kompyuta kukadiria bahari ikipanda itafunika vijiji gani vya pwani. Niliporudi kwetu Rusizi, mbali na bahari yoyote, nikaombwa nifanye hesabu hizohizo kwa bonde la Bugarama, mto wake ukifurika.

Ramani niliichorea mezani. Penye hatari nikatia nyekundu, penye usalama kijani. Kwenye mkutano wa wanakijiji pale Muganza, bondeni humo, mkulima wa mpunga, Maman Furaha, akaweka kidole juu ya nyumba yake. Ilikuwa kijani.

"Papa, hapa ni chini. Nikitoka barabarani kwenda kwangu, ninashukaka, sipandaka."

"Maman, hii imepimwa na setilaiti," nikamjibu, nikacheka. Watu nao wakacheka. Kicheko kile, mwanangu, ndicho kinachoniuma zaidi.

Mvua za Aprili zikaja, na asubuhi moja mto ukavunja kingo. Nilipofika nilipigwa na butwaa: kijani changu chote kilikuwa maji matupu. Familia tatu zilikuwa zimekimbilia kwa Maman Furaha kwa kuiamini ramani yangu, na sasa watoto na wazee walikuwa juu ya mabati, ukuta mmoja umeshaanguka. Wanaume wakawatoa mmoja mmoja kwa kamba. Wote walipona. Nyumba haikupona.

Maman Furaha alipokanyaga nchi kavu hakupiga kelele.

"Ulikala hapa kwetu siku tatu," akaniambia, "na miguu yako haikufika kwangu hata siku moja."

Nilirudi kwenye vipimo nikaliona kosa: setilaiti ilipima majani ya juu ya migomba yake, mimi nikayahesabu kuwa udongo. Kisha nikafungua ramani zangu za pwani. Kumbe hata kule nilihesabu vilele vya mikoko! Vijiji nilivyoviita salama vilikaribia kuwa kimo kimoja na bahari. Nikawaandikia wenzangu wote kwamba nimekosea, na tangu hapo maisha yangu ya kazi yamekuwa kusahihisha.

Basi nisikilize. Usimwambie mtu kwamba yuko salama kabla hujasimama mlangoni pake. Anayeishi mahali akikuambia mashine yako imekosea, funga mdomo, vaa viatu, mfuate akuonyeshe. Mungu akupe miguu isiyochoka kwenda kuona, na ulimi usioona haya kukiri kosa mapema, watu wangali hai kukusikia.