Malaria ya Umuganda

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa wetu wa Kagugu hutoka na majembe kwa umuganda, kazi ya pamoja ya kuzibua mitaro na kupanda miti. Mwezi ule sikutaka kabisa. Mchana nilikuwa na harusi ya mwenzangu wa ofisini, na asubuhi nilitaka kulala. Nikampigia simu kiongozi wa nyumba zetu, nikakohoa kidogo, nikamwambia malaria imenilaza. Akasema pole sana, nipumzike. Nikajipongeza kwa ujanja wangu, nikageukia ukutani.

Nilichosahau, mjinga mimi, ni kwamba majirani hawa hawamwachi mgonjwa peke yake. Kazi ilipoisha walikuja moja kwa moja kwangu, mabuti yana tope, wamebeba maziwa na maparachichi. Nilikuwa nimeshaoga. Suti imening'inia mlangoni, imepigwa pasi, chumba kizima kinanukia manukato. Nikajitupa kitandani na kuvuta blanketi hadi kidevuni.

Kiongozi akasema gari lake liko tayari, anipeleke hospitali Kibagabaga. Nikababaika. Ndipo mama jirani, ambaye tangu nihamie hapa kutoka Tanzania amenilea kama mwanawe, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuniwekea kiganja kwenye paji la uso. Akaitazama suti. Akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Eh, huyu iko na moto mingi," akawaambia wenzake. "Lakini amekunywa dawa. Mumuache alale."

Waliamini kwa sababu aliyesema ni yeye. Wakaniombea, wakanimiminia maziwa kikombeni, wakatoka kwa kunyata. Yeye akabaki.

"Mama, nisamehe..." nikaanza.

Hakukasirika, na afadhali angenitukana. Alinong'ona tu:

"Mwanangu, wale ni watu niko nasali nao. Kesho nitawaangalia namna gani?"

Nikakurupuka niwakimbilie, niwaambie ukweli wote, aibu iwe yangu na iishe. Nilikuwa nimeshika kitasa nilipotambua kwamba nikifungua mdomo nitamuumbua na yeye. Uongo ule haukuwa tena wangu peke yangu kuufuta.

Nikarudi kukaa. Nikayanywa maziwa yao mbele yake, kwa kuwa hata kuyakataa sikuwa na uso.