Mistari ya Nusaiba

"Mwataka nimfute mke wangu," alisema Ubeid, mkono juu ya kompyuta kama mtu anayenyang'anywa sahani.

Swabir, mwenye mashua za Bodo, alikuja kwangu Msambweni na hasira zake. Wageni wake walikwama kwenye tope la mikoko njiani kwenda Funzi, kwa kuwa programu yake ya kompyuta iliwauzia safari maji yakiwa yamekupwa. "Sharti la maji tulilirekebisha na Nusaiba ukurasa wa Wasini, kumbe wa Funzi bado," alimwambia Ubeid. "Nitawabeba wazungu mgongoni mpaka lini, ndugu yangu?"

Programu ile aliiandika mwanangu Nusaiba, mkewe Ubeid. Kila ukurasa aliyarudia yale yale: nafasi ipo, nahodha yupo, maji yamejaa. Akilalamika, Ubeid alikuwa akimwambia, "Ngoja, nitakuandikia kitu kitakachoyaunga chenyewe." Maana yake, kila sharti liandikwe mara moja tu, liwe tawi, kisha programu yenyewe iyaunge matawi kwa "na" ama kwa "au", kila safari ipate mti wake. Nilimwelewa. Hata mimi sikuni nazi upya kwa kila sahani.

Lakini mkwe wangu ni hodari wa kesho. Kazi za hoteli huko Diani zikamshika, na mwezi wa Rajabu tukamzika Nusaiba.

Tangu hapo huifungua programu, akaisoma, akaifunga. Katikati ya mistari mke wake alikuwa akimwandikia maneno ambayo kompyuta haiyasomi: "Ubeid, hapa tena?"

"Nilimuahidi, mama," akaniambia. "Sasa nimlipe nani?"

"Deni la marehemu lina warithi. Mimi ndiye niliyemzaa, na ninalidai. Kaa chini. Nawe Swabir, nenda ukanywe chai, umetuchosha."

Akakaa. Kila alipofuta mahali, aliyasoma kwanza maneno ya mkewe kwa sauti, na mimi nikawa napepeta mchele usio na hata chuya. Alasiri ikapita. Akajaribu Funzi maji yakiwa yamekupwa: programu ikakataa. Akajaribu Wasini: ikakataa vilevile, na sharti la maji lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu.

"Na mwanangu yuko wapi humo?" nikauliza.

Akanionyesha. Tawi la maji alikuwa ameliacha kama Nusaiba alivyoliandika, na chini yake: "Ubeid, hapa tena?"

"Hapa tu, mke wangu," akasema, akajifunika uso.

"Nimepokea, baba," nikamwambia. "Hudaiwi."